Divai Changa Mezani kwa Stegmann

Inspekta Walburga Zirngibl alikuwa na muda mpaka saa kumi jioni. Ikifika saa hiyo hakimu wa Mainlingen angevua miwani, angeipangusa, angeivaa tena, kisha angempeleka Mirjam Lilienthal rumande kwa shtaka la kutaka kuua.

Zirngibl hakuamini kwamba Mirjam ndiye. Lakini mtu hawezi kwenda kwa hakimu akamwekea kutoamini mezani. Kilichokuwa mezani ni skafu ya sufu ya kijani, iliyookotwa jana kwenye ngazi za mawe za Benki ya Stegmann, kando ya kichwa cha Bi Haberkorn. Huyu Haberkorn ni fundi wa picha za kale, aliyeitwa na benki kusafisha picha moja kwa ajili ya jubilei. Sasa yuko hospitalini, anapumua kwa mashine, hajitambui. Skafu ni ya Mirjam, na Mirjam hakukana.

"Nilimvika mimi," alisema alipohojiwa. "Alikuwa anatetemeka kwa baridi, nikamvika, nikaondoka kwenda kula."

Mwendesha mashtaka alicheka mpaka akakohoa. Baridi gani mwezi wa Septemba, tena ndani ya benki ya matajiri?

"Mimi ningekuwa wewe, ningeenda nyumbani nikale," alisema Sajini Otmar Pröll, wakikatiza uwanja wa soko. Pröll alikuwa mtu ambaye tumbo lake hufika kwanza na yeye hufuata baadaye. "Mwanamke kaja kwa treni kutoka Antwerp kudai jina la babu yake, aliyekuwa mbia wa benki. Fundi kamwambia picha inaipa benki haki. Wamegombana, mmoja kaanguka. Kesi imejipika yenyewe."

"Nani kasema fundi alimwambia hivyo?"

"Stegmann."

"Basi kaipika Stegmann. Twende."

Pembeni mwa kanisa Mama Kunigunda Dürr alikuwa amesimamisha pipa lake. Kila mwaka zabibu zikishakamuliwa, mama huyo huuza divai changa, ile inayouzwa bado inachemka yenyewe, nyeupe na nzito kama maji ya mchele. Watu wa Mainlingen huisubiri mwaka mzima, huinywa na mkate wa vitunguu, halafu usiku kucha hulaumiana chumbani kwa sababu ya tumbo.

"Walburga! Mbona umekonda? Serikali haiwalishi?"

"Inatulisha karatasi, Mama Dürr. Nijazie chupa."

Mama Dürr akageuza chupa tupu, akaandika ZIRNGIBL kwenye kitako kwa rangi nyeupe, akaijaza, kisha juu ya mdomo akafinyanga kipande cha karatasi, basi.

"Usiizibe, usiilaze. Wewe umezaliwa shambani, unajua. Namwambia huyu mwenzako, ana sura ya mgeni."

"Mimi ni mtu wa Bamberg!" Pröll akafoka. Bamberg ni mwendo mfupi tu kwa gari.

"Ndiyo nilivyosema. Wanywa bia."

"Na jina chini la nini?"

"Chupa ni zangu, baba. Naazima. Mwisho wa msimu kila mtu huapa kwamba karudisha, hapo namgeuzia kitako. Hata yule fundi wa picha, maskini, yake bado haijarudi. Sasa nitamdai nani?"

Zirngibl alikuwa ameshapiga hatua. Akarudi.

"Haberkorn alinunua kwako? Lini?"

"Jana, karibu na mchana. Nikamwambia inywe leo leo. Akacheka, akasema hainywi, anakwenda kuisimamisha mbele ya picha aitazame. Mimi divai nimeuza tangu nina meno yote, sijaona mtu anainunulia macho."

Zirngibl akamshika Pröll mkono, akamvuta kando. "Vitu vya Haberkorn uliviokota wewe. Nitajie."

"Brashi. Pamba. Vichupa vya dawa. Miwani ya kukuzia. Mkate wa soseji, umeng'atwa upande mmoja."

"Chupa ya divai?"

Pröll akafikiri. "Hapana. Wala harufu."

"Na tangu jana mlangoni kuna askari, kila mfuko unaotoka unafunguliwa."

"Amri ya mwendesha mashtaka. Hata Stegmann mwenyewe kapekuliwa, nusura atupige na mwavuli."

"Basi chupa iliingia na haikutoka," alisema Zirngibl. "Tukatafute chupa, Otmar."

*

Chumba cha kulia cha Benki ya Stegmann kilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya zile ngazi. Zirngibl alipoingia tu alihisi ubaridi wa mawe unamwingia kwenye viatu. Akafunga kifungo cha juu cha koti.

Daktari Eberhard Stegmann, mwenye benki, daktari kwa shahada na si kwa kutibu, alikuwa amesimama nyuma ya meza ndefu. Mrefu, mkavu, kizibao cha suti kimebana, na kwenye mnyororo wa saa yake kulikuwa na ufunguo mdogo wa shaba.

"Bwana Stegmann," alianza Pröll.

"Daktari Stegmann."

"Daktari. Tuna maswali."

"Niliyajibu jana. Jumamosi nyumba hii inatimiza miaka mia mbili, wageni wanakuja mpaka kutoka Zurich, na ninyi mnaniwekea askari mlangoni kama danguro."

"Madanguro hatuyawekei askari," alisema Pröll kwa upole. "Wateja wanakimbia."

Zirngibl hakucheka. Alikuwa ameiona picha, imesimamishwa kwenye kiunzi cha mbao karibu na dirisha. Ukutani zilining'inia nyingine za namna hiyohiyo, za zamani zaidi, na zote zilionyesha jambo moja: wanaume wawili wamekaa mezani, wanapeana mikono juu ya sahani.

"Nieleze picha hizi, Daktari. Mimi ni mtoto wa mkulima, benki nilikuwa naiona kwa nje."

Stegmann akalegea kidogo. Hiyo ndiyo hadithi aliyoipenda.

"Nyumba hii ilianzishwa na watu wawili, Lilienthal na Stegmann. Waliwakopesha wakulima mapipa, baadaye wakawakopesha fedha za mapipa. Wabia walikula mezani hapa pamoja kila mchana, na mkataba wao haukuandikwa kamwe. Kila kizazi kilipopokezana, walipeana mikono juu ya chakula, mchoraji akaitwa akachora. Mkono ndio mkataba, picha ndiyo shahidi. Wafaransa walikuja wakaondoka. Ukaja mwaka ule watu walipobeba noti kwa toroli kununua mkate. Benki ngapi zilikufa? Hii haikufa."

"Na hii ya dirishani?"

"Juni elfu moja mia tisa thelathini na nane. Huyo wa kulia ni babu yangu. Wa kushoto ni Siegmund Lilienthal, anajitoa kwa hiari yake. Tazama sahani." Akanyoosha kidole kirefu. "Asparagasi nyeupe. Wewe ni mtu wa hapa, unajua asparagasi inaliwa lini."

Zirngibl alijua. Mainlingen nzima ilijua msimu wa mboga hiyo. Ikishapita sikukuu ya Mtakatifu Yohana mwishoni mwa Juni, mkulima anaacha kuvuna, na mtu atakayekukaribisha asparagasi baada ya hapo ama ni Mmarekani ama anakudharau.

"Agosti mwaka huo polisi wa siri walimkamata Lilienthal kwa kuwa alikuwa Myahudi," alisema. "Oktoba wakamtoa, akavuka mpaka na sanduku moja. Kama mkono huu ni wa Juni, mtu huru aliachia nusu ya benki yake. Kama ni wa Oktoba, mtu alitolewa selo akaletwa hapa mezani, akaambiwa toa mkono. Ndivyo?"

"Ni wa Juni. Mwanamke yule alikuja kutafuta Oktoba, akaikuta Juni, akapandwa na wazimu. Bi Haberkorn alimwambia ukweli, akalipwa kwa kusukumwa."

"Uliwasikia?"

"Sikuwapo. Jana sikupanda huku kabisa. Bi Haberkorn nilimwona mara ya mwisho juzi, nikampa mkono, nikaenda zangu."

"Andika hilo, Otmar. Jana hakupanda, hakumwona."

Pröll akaandika, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza.

Zirngibl akapiga chafya. Akapapasa hita ya chuma iliyokuwa ukutani. Baridi kama kaburi.

"Hamuwashi?"

"Kabla ya tarehe moja Oktoba? Katika nyumba hii?" Stegmann aliuliza kama aliyeulizwa kama huwa anakula kwa miguu. "Haijawahi kutokea tangu enzi za babu."

Zirngibl akamtazama Pröll. Pröll naye alikuwa ameingiza mikono kwapani. Hapo sajini akakumbuka skafu, na uso wake ukabadilika polepole, kama mtu anayegundua kuwa amekalia kofia ya mkwewe.

"Kumbe kweli alikuwa anatetemeka," alinong'ona.

"Mmesema?"

"Hakuna," alisema Zirngibl. Akaitoa chupa yake kwenye mfuko, akaisimamisha kwenye ukingo wa kiunzi, kando ya picha. Kisha akarudi nyuma hatua kadhaa, akakunja mikono.

Kwenye picha, baina ya wale wanaume wawili, kulikuwa na chupa. Ilikuwa nyeupe, nzito, kama maji ya mchele. Haikuwa na kizibo, ila kipande cha karatasi kilichofinyangwa juu ya mdomo. Ukiziweka pamoja ungedhani zimejazwa na mkono mmoja.

 Chini mtaani baiskeli ilipiga kengele.

"Mwezi Juni, Daktari, zabibu zinakuwa na ukubwa gani?"

Stegmann akaitazama chupa, kisha picha.

"Kama pilipili manga," alisema Zirngibl. "Baba yangu alinifundisha kuzihesabu kwa ulimi. Divai hii haipo Juni. Inakuja Septemba, Oktoba, halafu basi. Sasa babu yako ameipata wapi?"

"Mchoraji alikosea."

"Mchoraji wa mji huu? Hata mlevi wa mji huu hawezi kukosea hapo. Mimi naona hivi. Mchoraji alichora alichokiona: Oktoba, divai changa, mkate wa vitunguu. Vita vilipokwisha Wamarekani wakaja kuuliza nani alichukua cha nani. Babu yako akamwita mchoraji yuleyule, akamwambia chora asparagasi juu ya mkate. Akachora. Lakini chupa akaiacha. Wamarekani wangejuaje? Na wenyeji waliojua, nani alikuwa anakaribishwa chakula chumba hiki?"

"Ni dhana."

"Ni dhana. Haberkorn naye alikuwa nayo, ndiyo maana jana mchana alikwenda sokoni akanunua chupa aje ailinganishe. Alirudi nayo humu. Iko wapi?"

"Sijui habari za chupa."

Lakini macho yake yaliruka. Yaliruka mara moja tu, kwenda kwenye kabati la mwaloni lililosimama ubavuni mwa hita, yakarudi haraka. Zirngibl akayafuata. Mbele ya tundu la ufunguo wa kabati hilo vijinzi vilikuwa vinazunguka, vidogo mno, vile vinavyokuja jikoni mtu akisahau zabibu zilizoiva kupita kiasi. Kimoja kikatua kwenye tundu, kikaingia.

"Ndani mna nini?"

"Divai za familia. Zimelala humo tangu mababu. Kabati hufunguliwa siku ya jubilei tu, na ufunguo ni mmoja." Mkono wake ukashika mnyororo wa saa.

"Nifungulie nione."

"Lete karatasi ya hakimu."

Pröll akamsogelea Zirngibl sikioni. "Hakimu atauliza sababu. Tumwambie nzi?"

Saa ya ukutani ilikuwa imeshapita tisa. Kwenda mahakamani, kungoja karani amalize kahawa yake, kubishana, kurudi: Mirjam angekuwa ameshavuliwa mkanda na kamba za viatu, na usiku ukiingia kabati lingekuwa na divai za mababu peke yake. Zirngibl akalitazama kabati. *Divai za familia, zimelala humo.* Zimelala.

Akavuta kiti karibu na hita, akakaa.

"Samahani, Daktari. Mifupa yangu mibaya. Nitapumzika kidogo." Kabla Stegmann hajafungua mdomo, akanyoosha mkono akazungusha kitasa cha hita mpaka mwisho.

"Unafanya nini?"

"Naota joto kwa gharama ya serikali. Otmar, mwandikie Daktari hati ya makaa."

"Zima hiyo!"

"Kwani joto lina madhara gani kwa divai za mababu?"

Mabomba yakanguruma chini ya sakafu, yakagonga, yakakohoa vumbi la majira ya joto. Stegmann akaja mpaka hitani, akakuta Pröll ameshaegemea kitasa kwa makalio yake yote, na kumhamisha Pröll pale kungehitaji farasi.

"Nampigia mkuu wenu."

"Mpigie."

Akapiga. Mkuu wa polisi aliomba kusema na Zirngibl, na sauti yake ilisikika mpaka dirishani. "Walburga, una wazimu? Huyo mtu ananiambia umeiteka hita yake!"

"Ndiyo, mkuu."

"Toka humo!"

"Nikishapata joto, mkuu." Akakata simu.

Chumba kikaanza kupata moto. Mbao za kabati zikalia, *ka*, zikanyamaza. Stegmann alijifuta shingo kwa leso. Akatembea mpaka dirishani, akarudi. Akaenda tena. Zirngibl alimtazama bila kupepesa.

"Umesoma wapi, Daktari?"

"Uswisi. Halafu London. Kwa nini?"

"Na nyumbani divai changa mliletewa?"

"Mtumishi alileta glasi. Nini maana ya maswali haya?"

"Nilitaka kujua kama umewahi kubeba chupa yake mwenyewe. Mkononi. Kutoka sokoni."

Stegmann alifungua mdomo. Hakupata nafasi ya kuutumia.

Kabati lililipuka. Watu wa Mainlingen siku hizi watakuapia kwamba mlango uliruka mpaka kanisani na padri akapiga kengele. Ukweli ni kwamba mlango ulibaki pale, ila kufuli ilipasuka, na vioo vikalia ndani kama sinia imeanguka ngazini. Pröll aliruka kutoka hitani kwa wepesi ambao mkewe asingeuamini. Kisha divai ikaanza kutoka chini ya mlango, nyeupe, yenye povu, ikanukia chachu na tufaha, ikapita zulia kwa utulivu mpaka kwenye viatu vya Stegmann.

Zirngibl akainuka, akafungua mlango kwa ncha ya kalamu. Chupa za mababu zilikuwa zimelala safu kwa safu, zina vumbi. Baina yao palikuwa na pengo lenye vipande vya kioo. Kizibo kikuukuu, kilichochakaa kwa kutolewa kwenye chupa nyingine, kilikuwa kimejibana kwenye mbao za juu. Akafunga leso kidoleni, akaokota kipande kinene cha chini, akakigeuza.

Rangi nyeupe. HABERKORN.

"Uliiziba," alisema polepole. "Ukailaza na wenzake, kama divai ya kistaarabu. Mtoto yeyote wa mji huu angekwambia kwamba ikizibwa, hewa yake huvunja chupa."

Stegmann alikuwa ameshika ukingo wa meza. Divai ilikuwa inaingia ndani ya soksi zake na hakuondoa miguu.

"Alikuwa anacheka," alisema. "Ameisimamisha pale mbele ya babu, anacheka, anasema Jumamosi watacheka wote. Nilitaka chupa tu. Nilitaka kumnyang'anya chupa. Akakimbia nayo ngazini, ameikumbatia, kiganja juu ya mdomo wa chupa..."

"Na mkono wako?"

Aliuachia ukingo wa meza. Aliutazama mkono wake wa kulia, kisha akautazama wa babu yake kwenye picha.

"Ukashuka mpaka pale alipolala, ukaichukua chupa, ukapanda nayo," alisema Zirngibl. "Skafu ukaiacha, maana skafu ilikufaa. Otmar, pingu. Msomee haki zake, na usome zote."

Yeye akaenda kwenye simu. Karani alisema hakimu ameshavaa joho. "Basi mvue," alisema Zirngibl. Akaeleza kwa maneno machache: ufunguo mmoja, mnyororo mmoja, chupa yenye jina, na mtu aliyesema jana hakupanda. Upande wa pili bila shaka miwani ilikuwa inapanguswa. Kisha hakimu mwenyewe akaja kwenye simu, akauliza swali moja, akajibiwa, akasema Bi Lilienthal aachiwe.

Zirngibl akaweka simu chini. Wale wanaume wawili wa kwenye picha walikuwa bado wanapeana mikono. Sasa ukimtazama vizuri Siegmund Lilienthal uliona kwamba vidole vyake havikufumba. Mkono wake ulikuwa umewekwa tu ndani ya mkono wa mwenzake, kama kitu kilichosahauliwa.

"Kamchukue Mirjam mahakamani," alimwambia Pröll. "Mlete hapa aione kabla wataalamu hawajaibeba. Halafu nitampeleka mwenyewe hospitalini kwa Haberkorn. Mpitishe mlango wa mbele."

Pröll alikuwa anamwongoza Stegmann kutoka. Mlangoni akasimama, akafuta jasho kwenye paji la uso.

"Na hita, Inspekta? Nizime?"

"Iache iwake," alisema Zirngibl. "Mara ya mwisho Mirjam alipokuja nyumbani kwa babu yake, ilibidi atoe skafu yake."